Kinywe cha Mahenge

Kinywe cha Mahenge ni akiba ya madini ya kinywe katika milima ya Mahenge, Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro, Tanzania. Soko lake kubwa linalotarajiwa ni betri za lithiamu-ioni, na moja ya kampuni zinazoyashikilia imebuni njia ya kuyasafisha bila asidi ya haidrofluoriki. Barabara ya kutoka Mahenge kwenda Dar es Salaam hupita Ifakara, Kidatu na Mikumi, mji uliomo Wilaya ya Kilosa.

Asili na matumizi

Kinywe ni kaboni iliyopangika kwa matabaka. Miamba ya Mahenge ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji: mashapo ya kale yenye mabaki ya viumbe yalipata joto na mgandamizo mkubwa ardhini, na kaboni yake ikageuka vipande bapa vya kinywe.

Mwaka 1980 Rachid Yazami, mwanasayansi mzaliwa wa Fes, Morocco, alionyesha huko Grenoble, Ufaransa, kwamba lithiamu inaweza kuingia katikati ya matabaka hayo na kutoka tena. Kwa msingi huo kinywe kikawa mali ghafi kuu ya anodi, yaani ncha hasi ya betri. Betri ya gari moja la umeme huhitaji makumi ya kilo.

Usafishaji

Mwamba husagwa, kisha kinywe hutenganishwa kwa povu, nacho huelea juu. Zao la hatua hiyo huwa na kaboni ya takriban asilimia 95. Betri huhitaji angalau asilimia 99.95, tena chembe ziwe za mviringo. Kuzipa chembe umbo hilo hupoteza sehemu kubwa ya mali, mara nyingi nusu au zaidi.

Nchini China, ambako karibu kinywe chote cha mviringo cha dunia hutengenezwa, njia iliyozoeleka ya kuondoa uchafu uliobaki ni asidi ya haidrofluoriki. Asidi hiyo hupenya ngozi na kudhuru mifupa, na maji taka yake yana floridi. Njia nyingine ni kukipasha kinywe joto la nyuzi zaidi ya 2,500 za selsiasi. Hiyo hula umeme mwingi, kwa hiyo usafi wake kwa mazingira hutegemea jinsi umeme huo ulivyozalishwa.

EcoGraf ya Australia, iliyoitwa Kibaran Resources hadi 2019, imebuni usafishaji wa kikemikali usiotumia asidi hiyo. Hata hivyo, ubora wa maabara hautoshi kuipatia soko. Watengenezaji wa betri huzijaribu sampuli kwa muda mrefu kabla ya kumkubali muuzaji, na benki husubiri mikataba ya mauzo kabla ya kukopesha.

Umiliki

Marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 yanaipa Serikali ya Tanzania hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia, na yanahimiza madini kuongezwa thamani nchini. Kwa utaratibu huo Black Rock Mining ya Australia iliafikiana na Serikali Desemba 2021, ikazaliwa kampuni ya Faru Graphite. POSCO ya Korea Kusini ni mwanahisa wa Black Rock. EcoGraf ilitia saini makubaliano kama hayo Aprili 2023 kwa mradi wa Epanko, chini ya Duma TanzGraphite. Katika kampuni zote mbili Serikali ina asilimia 16.

Usafirishaji: Mikumi na Kilosa

Kutoka Mikumi, Barabara Kuu ya TANZAM hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa takriban kilomita 50. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Kila lori linaloongezeka huongeza hatari ya kugonga wanyama.

Reli hupunguza malori, lakini ina vikwazo vyake. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye upana wa milimita 1,067, hupita Ifakara hadi Dar es Salaam, nayo hukatiza eneo la lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Tawi la Kilosa–Mikumi–Kidatu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lina milimita 1,000, kwa hiyo shehena ya TAZARA inayoingia tawi hilo hulazimika kuhamishwa Kidatu. Reli ya umeme ya SGR, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hupita Kilosa kwa milimita 1,435, upana wa tatu katika eneo moja.

Hali ya miradi

Hadi mwisho wa 2024, kati ya mgodi wa Faru Graphite na wa Epanko, hakuna uliokuwa umeanza uzalishaji wa kibiashara. EcoGraf imepanga kujenga Ifakara kiwanda cha kuzipa chembe umbo la mviringo. Kikijengwa, mabaki ya hatua hiyo yanaweza kubaki Ifakara, na tani za kusafirishwa hadi bandarini kupungua.