Dawa ya Mafuta ni Mafuta: Habari za Sabuni na Nguo ya Pamba

Leo twataka kusema habari ya jambo dogo linalosumbua nyumba nyingi, nalo ni doa la mafuta katika nguo ya pamba. Labda mtacheka na kuuliza, "Je, doa nalo lina historia?" Naam, linayo, tena ndefu.

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu. Tulipoanza kazi ya ualimu, tulikuwa tukikagua nguo za wanafunzi kila Jumatatu asubuhi. Siku moja mtoto mmoja alikuja na shati lenye doa la samli kifuani, tukamwita mvivu mbele ya wenziwe. Jumatatu ya pili doa lilikuwapo vile vile, tukamrudisha nyumbani. Jioni alikuja bibi yake, shati mkononi. Akatuambia, "Mwalimu, mtoto huyu amelifua shati hili mara tatu kwa maji matupu, maana sabuni hatuna. Ungeuliza kwanza." Kisha akatuonyesha chungu cha maji aliyoyachuja katika majivu ya maganda ya ndizi. Alilowesha lile doa, akalifikicha, akalisuuza. Akarudia mara ya pili, nalo likafifia mbele ya macho yetu. Tuliona haya sana. Tulikuwa tukifundisha usafi, lakini sababu ya doa kuyakataa maji hatukuijua.

Sababu yenyewe ni hii. Maji na mafuta hayapatani. Tena uzi wa pamba una uwazi mwembamba ndani yake kama mrija, na mafuta hujificha humo. Maji matupu hupita juu tu. Na mafuta yakikaa siku nyingi hushikwa na hewa, yakagandamana na uzi kama rangi inavyokauka juu ya mlango. Kwa hiyo doa la leo ni jepesi kuliko doa la juzi.

Watu wa kale waliovaa ngozi hawakuwa na shida hii. Wao waliipaka ngozi mafuta ili ilainike. Mafuta yalikuwa matunzo ya vazi, wala si uchafu. Twaweza kusema kwamba doa lilizaliwa siku ile pamba ilipofika. Katika pwani yetu pamba si ngeni: katika magofu ya Kilwa vimeokotwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi, na Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hata Misri. Baadaye, mwaka 1833, Sayyid Said alipatana na Marekani juu ya biashara, na majora ya merikani yakazidi kushuka Unguja, yakachukuliwa na misafara hata bara. Ndipo watu wengi zaidi walipovaa pamba, na wengi zaidi walipohitaji dawa ya doa.

Dawa hiyo ilikwisha kujulikana zamani katika nchi nyingine. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, alitaja kitu kiitwacho "sapo", kilichofanywa na watu wa Galia kwa mafuta ya wanyama na majivu, nao walikitumia kwa nywele zao. Neno lile lilisafiri, Waarabu wakasema "sabun", nasi tukapata "sabuni". Huko Nablus, katika Palestina, mafundi walipika sabuni kwa mafuta ya zeituni na majivu ya mimea. Angalieni basi: majivu yale yale ya bibi yetu, ila yametiwa mafuta yakapikwa. Mafuta yameondolewa kwa mafuta!

Mambo hayo yalifanywa kwa mazoea tu, wala hakuna aliyejua siri yake, mpaka walipotokea Wafaransa wawili. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipata hati ya kulinda ufundi wake wa kutoa soda katika chumvi ya kawaida. Soda hiyo ni ndugu ya magadi tunayotia katika maharagwe. Hivyo wapishi wa sabuni hawakutegemea tena majivu peke yake. Na mwaka 1823 Michel Eugène Chevreul, bwana aliyejaliwa kuishi miaka 102, alitoa kitabu akieleza mafuta yamefanywa kwa vitu gani, na jinsi yanavyogeuka yakutanapo na magadi. Leo twajua kwamba kila chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja yapenda maji, na ya pili yapenda mafuta. Ncha hii hushika doa, ncha ile hushika maji, na maji yamwagwapo doa hutoka pamoja nayo. Sabuni ni kama mshenga kati ya watu wawili wasiosemezana.

Lakini habari ya sabuni ina doa lake pia. Huko Uingereza, William Hesketh Lever alianza mwaka 1885 kutengeneza sabuni ya Sunlight kwa wingi, akahitaji mafuta ya mimea bila kikomo. Mwaka 1911 alipatana na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya misitu mikubwa ya michikichi katika Kongo. Watu wengi wa huko walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa ujira mdogo. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, kwa sababu ya kodi na kazi ile, na mamia wakauawa na askari. Basi yawezekana shati jeupe la mtu aliyeko mbali lilifuliwa kwa jasho la mtu ambaye mwenyewe hakuwa na kipande cha sabuni, na huenda akaitwa mchafu.

Sasa tuseme namna ya kufanya. Doa likiwa bado bichi, msilimwagie maji. Nyunyizeni unga au chaki iliyosagwa, iache inyonye mafuta, kisha pangusa. Pakeni sabuni juu ya doa lenyewe, mfikiche polepole, mwache muda wa robo saa. Ndipo mfue kwa maji ya moto kadiri mkono unavyoweza kuvumilia. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya visima vya pwani, kwani yale yana chokaa, nayo huidhoofisha sabuni. Msipige pasi kabla ya kuhakikisha kwamba doa limetoka, maana moto hulikaza. Ikiwa sabuni hamna, chujeni maji ya majivu, myaache yatue, mtumie yale maangavu. Lakini angalieni mikono na macho, kwa kuwa yanachoma. Pamba huyastahimili, sufu na hariri huharibika. Nguo ya rangi ijaribuni kwanza penye upindo.

Tangu jioni ile desturi yetu ya Jumatatu ilibadilika. Hatukuuliza tena, "Nani mchafu?" Tuliuliza, "Nani hana sabuni nyumbani?" Tukaweka pipa la majivu nyuma ya darasa, na wa kwanza kuwafundisha wenziwe kuyachuja alikuwa yule mtoto wa doa la samli. Nanyi mnaosikiliza, mkiona doa katika nguo ya mwenzenu, muulizeni kwanza. Kwaherini.