Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Reli, Bomba na Kandarasi Ndogo

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mradi mkubwa unaovuka mpaka ni mgeni wa namna hiyo: huja na fedha, mitambo na maelfu ya watu wanaohitaji chakula, malazi na usafiri. Je, mwenyeji hupona kweli? Nimechagua miradi mitatu ya Afrika Mashariki ili kujibu swali hili. Nitaonyesha kwamba kazi ndogondogo hazikukosekana katika mradi wowote. Nani azipate, hilo liliamuliwa na mikataba iliyotiwa saini kabla ya kazi kuanza.

Mradi wa kwanza ni Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Leo tunaihesabu kuwa reli ya Kenya, lakini ilipofika Kisumu mwaka 1901, sehemu hiyo ilikuwa bado chini ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Aliyepewa kandarasi ya kuwaleta wengi wao na kuwapatia chakula alikuwa A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, ambaye baadaye alijenga pia majengo mengi ya serikali. Allidina Visram, aliyeanzia biashara Bagamoyo, alifungua maduka kufuata njia ya reli hadi Uganda. Watu hawa walikuwa na mtaji. Wenyeji waliuza nafaka na kufanya kazi za kutwa, wakati wapagazi wa misafara walinyang'anywa riziki na garimoshi lenyewe. Kazi ilikuwepo; mkataba wenye jina la mwenyeji haukuwepo.

Mradi wa pili ni TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia waliajiriwa, na wengi walijifunza ufundi kazini. Lakini mkandarasi mdogo wa kienyeji hakuwa na nafasi. Gharama za ndani, ukiwemo mshahara wa vibarua, zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China zilizoletwa kwa mkopo na kuuzwa na mashirika ya umma. Kwa hiyo hata shilingi aliyopata kibarua ilitarajiwa kununua shati lililoshonwa China. Siwalaumu viongozi wa wakati ule: Zambia ilihitaji haraka njia ya kupitishia shaba yake bila kutegemea Rhodesia. Faida ya mfanyabiashara mdogo ilikuja baadaye, pale wauza mchele na ndizi wa bonde la Kilombero walipoanza kupakia mizigo yao kwenye treni.

Mradi wa tatu unajengwa sasa. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima, nchini kwetu Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Safari hii serikali zilijifunza. Kanuni za Uganda za mwaka 2016 zilitenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa ajili ya kampuni za Uganda, zikiwemo usafiri, ulinzi, chakula na hoteli. Tanzania nayo ilitunga kanuni zake mwaka 2017. Nchi zote mbili zina kanzidata ambamo mzabuni hujiandikisha. Hii ni hatua kubwa: jina la mwenyeji sasa limo kwenye karatasi.

Hata hivyo naona mapengo mawili. Pengo la kwanza ni mtaji. Mwenye malori matatu anaweza kutengewa kazi na bado akaikosa, kwa kuwa zabuni ni kubwa mno kwake, inadai dhamana ya benki, na malipo huja baada ya wiki nyingi ilhali madereva wanataka posho leo. Pengo la pili ni mpaka. Kilomita 1,147 za bomba, yaani karibu asilimia 80, ziko Tanzania. Orodha yetu inakomea Mutukula. Ukivuka hapo, kampuni ya Masaka si ya nyumbani tena, kama vile ya Bukoba isivyo ya nyumbani ikija Hoima, ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu mwaka 2010. Bomba ni moja, wenyeji wamegawanywa mara mbili.

Kwa kuhitimisha, historia inanifundisha kwamba mgeni hamponyi mwenyeji kwa kufika tu. Mikataba ya miradi ijayo igawe kazi katika vipande ambavyo kampuni ndogo inaviweza, itaje siku za kumlipa mkandarasi mdogo, na imtambue jirani kuwa mwenyeji pia. Haya yakiachwa hadi mitambo ifike, yatakuwa yamechelewa. Mwaka 1896 hakuna aliyetuuliza. Leo wanaoketi mezani ni serikali zetu wenyewe.