Nyumba Mbili za Gumegume

Neno gumegume wengi wetu tumelikuta katika Isaya 50, au katika habari za bunduki za zamani. Ni jiwe gumu sana, jeusi ndani, nalo huvunjika kama kioo. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, limejaa mashambani, na jiwe jingine zuri la kujengea ni adimu. Shida yake ni kwamba halina pembe. Ukitaka kona iliyonyooka au ukingo wa dirisha, utaagiza jiwe kutoka mbali au utachoma tofali. Ndiyo maana nyumba nyingi za huko ni gumegume na tofali pamoja.

Katika mji wa Norwich zipo mbili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ambazo inafaa tuzitazame pamoja.

Moja huitwa Strangers' Hall, yaani Ukumbi wa Wageni. Kuta zake si za kusifiwa sana. Humo aliishi mfanyabiashara Thomas Sotherton, meya wa mwaka 1565. Mwaka huo mji ulipata kibali cha Malkia Elizabeth I kupokea familia 30 za mafundi wa kufuma: 24 za wasemaji wa Kiholanzi na 6 za Kifaransa, watu walioteswa kwao kwa ajili ya imani. Tusiwapambe wenyeji, biashara yao ya nguo ilikuwa imedorora, wakahitaji ufundi. Hata hivyo mlango ulifunguliwa. Wageni wale walimfuata Calvin, si Luther, lakini ni ndugu zetu wa Matengenezo. Kufikia 1579 walikuwa kama 6,000, zaidi ya theluthi ya mji.

Nyingine ilijengwa katika karne ya 14, nayo ilikuwa makao ya familia ya Appleyard. Chini ina vyumba vyenye dari za tofali zilizopinda. Ukuta wake wa kaskazini ni fahari ya mji: kila gumegume limechongwa mraba, yakabanana hata chokaa haionekani kwa urahisi. Sisi tunaojenga makanisa kwa michango ya washarika tunaijua furaha ya ukuta wa namna hiyo.

Mwaka 1583, miaka 18 baada ya kuwapokea wageni, mji huohuo uliinunua nyumba hii ukaifanya gereza la ombaomba na wasio na makao. Ikabaki gereza hadi 1828. Waliofungwa ndani hawakuyaona mawe yale yaliyochongwa. Yako upande wa nje, yakielekea kanisa la Mtakatifu Andrea ng'ambo ya kichochoro.