Dirisha na Dola: Historia Fupi ya Mwanga na Hewa Ngara na Biharamulo

Fundi anayenijengea nyumba wilayani Ngara alinipigia simu mwezi uliopita. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha, naye alitaka uamuzi wangu. Nilimwambia kwamba vyumba vya kulala viwe na madirisha ya mbao, na ukuta wa magharibi usiwe na dirisha kubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Daktari, watu watasema fedha zimekuishia."

Ndugu msomaji, nimeitafakari sana kauli hiyo. Imekuwaje tundu la kuingiza hewa na mwanga likageuka cheti cha hadhi ya mwenye nyumba?

Wahangaza na Wasubi, wenyeji wa Bugufi na Bushubi ambazo leo ndizo Ngara, walijenga misonge ya nyasi isiyo na dirisha. Wageni waliona giza tu. Hata hivyo, nyumba ile ilipumua kupitia paa lake. Moshi wa jikoni ulipenya taratibu katika nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Unene wa nyasi hizo ulizuia jua la mchana na kuhifadhi joto la moto usiku. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa ya peponi, kwani moshi huohuo uliumiza macho na vifua vya mama zetu. Ninachosema ni kwamba palikuwa na mantiki ya nishati ndani ya msonge, na tuliubomoa kabla ya kuisoma mantiki hiyo.

Wajerumani walipojenga boma lao Biharamulo, walileta sura nyingine ya nyumba: kuta nene, chokaa nyeupe, dirisha lenye fremu. Boma lile lipo hadi leo. Kuta zake hupokea joto polepole na kulitoa polepole, jambo ambalo fundi wa msonge angelielewa bila kufafanuliwa. Kilichobaki vichwani mwa watu, hata hivyo, ni kwamba nyumba yenye madirisha ni nyumba ya mtawala. Kodi ya kibanda, iliyotangazwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufuatiwa na ile ya Waingereza mwaka 1922, ilimfundisha mwananchi kwamba serikali huitazama nyumba yake ili kuihesabu. (Uingereza kwenyewe kodi ya madirisha ilidumu tangu 1696 hadi 1851, na watu waliziba madirisha yao kwa matofali ili wailipe kidogo. Dola ikigusa dirisha, mara nyingi mwenye nyumba ndiye hukosa hewa.)

Baada ya Uhuru nia ilikuwa njema zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifundisha kupitia redio na vikundi vya kujisomea juu ya malaria, kifua kikuu na maradhi mengine. Muda mfupi baadaye ikaja Operesheni Vijiji, na pamoja nayo wito wa nyumba bora: pembe nne, bati, madirisha. Lakini bati halipumui kama nyasi. Familia nyingi zilipata paa jipya zikabaki na kuni zilezile, na madirisha yakajengwa madogo kwa kuogopa wezi na baridi ya Juni. Moshi uliokuwa ukitokea juu ukakosa njia. Tulibadili paa bila kubadili jiko.

Leo zamu ni ya aluminiamu. Naielewa hoja ya wanaoitetea. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja wakikimbia Rwanda. Miti mingi kuzunguka kambi ya Benako na nyinginezo ilikatwa kwa kuni na ujenzi. Aliyeyaona hayo haoni aibu kumwambia fundi aache mbao. Lakini aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, na dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Mtu analipia dirisha zima, anapata hewa ya nusu dirisha.

Serikali nayo imeifuata njia hiyo. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima. Ni kazi kubwa, na watoto waliokuwa wakisoma chini ya miti wanajua thamani yake. Lakini Ngara ya milimani si Biharamulo iliyo chini yake, na zote mbili si Dar es Salaam. Ninawauliza watumishi wa halmashauri wanaonisoma: ni nani aliyeamua madirisha ya darasa yaelekee wapi, jua au barabara?

Si swali gumu. Huku kwetu, takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Adui ni asubuhi na alasiri, linapopiga kuta za mashariki na magharibi kwa ubapa, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Madirisha yakiwa kaskazini na kusini, upenu mpana unatosha. Pale Darmstadt, Ujerumani, ilipojengwa mwaka 1990 hadi 1991 nyumba ya kwanza ya aina iitwayo Passivhaus, waliweka madirisha ya vioo vitatu ili joto lisitoke. Anayeiga vioo hivyo Biharamulo bila kuuliza vinazuia nini atakuwa amenunua koti la baridi kali. Tunachohitaji ni kivuli, matundu mawili yanayotazamana ili upepo upite, wavu wa mbu, na kwa Ngara, dirisha linalofungwa barabara usiku.

Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, sasa unazalishwa mpakani mwa wilaya hii, ambayo kwa miaka mingi iliwasha taa kwa majenereta ya dizeli. Sioni sababu ya kuutumia kuendesha feni saa nane mchana ndani ya darasa lililoelekezwa vibaya.

Fundi wangu ameanza kufunga lenta. Ukuta wa magharibi una tundu moja tu, la bafu, na mbao za madirisha nimezinunua kwa mkulima aliyepanda miti yake mwenyewe. Jirani amekwisha kuuliza kama nimeishiwa.