Kulenga Shabaha na Bunduki Ndogo: Mchezo wa Ulaya, Swali kwa Katanga

Utangulizi

Tunapoandika juu ya mila za wawindaji wa kwetu, tunasifu jicho lao na uvumilivu wao. Tunaeleza upinde, mishale, mitego na mbwa. Lakini bunduki tunaiacha pembeni, sawa kitu kisichokuwa na mila. Kwa watu wetu, juu ya vita tulivyoona, bunduki ni jambo la askari, la mwizi wa usiku, ao la mwindaji mwenye kibali. Hakuna mtu anayesema "mchezo wa bunduki".

Lakini katika inchi zingine bunduki ndogo iko na mchezo wake, na mchezo ule uko na umri wa zaidi ya miaka 150. Watu wa kazi, walimu, wakulima, vijana na wazee wanakutana siku ya mapumziko, wanapiga risasi ndogo kwenye karatasi, wanahesabu, wanacheka, kiisha wanarudi nyumbani. Hakuna anayekufa. Aliyeshinda anapata kijiko ao kikombe.

Ndugu msomaji, kwa nini mchezo huu ulizaliwa kule na haukukomaa huku kwetu? Wengine watajibu haraka kwamba sisi hatukuwa na bunduki. Si kweli. Bankambo wetu walizijua bunduki mbele ya ukoloni. Jibu liko mahali pengine, na tutaliona polepole.

1. Fataki ya Flobert

Historia inaanza Paris, katika Ufaransa. Mwaka 1845, fundi wa bunduki anayeitwa Louis-Nicolas Flobert alichukua fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha baruti, akaweka ndani yake kirisasi kidogo cha mviringo. Hakuongeza baruti yoyote. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kusukuma kile kirisasi. Mlio ulikuwa mdogo na moshi kidogo. Mtu aliweza kupiga shabaha hata ndani ya nyumba kubwa, na ndiyo sababu Wafaransa waliuita mchezo huo kulenga kwa sebuleni.

Baadaye Wamarekani waliendelesha wazo hilo. Mwaka 1857, Smith & Wesson walitoa bastola yenye kutumia risasi fupi ya aina hiyo, na safari hii waliongeza baruti ndani ya ganda. Mwaka 1887, kiwanda cha Stevens, katika Massachusetts, kilitoa ile ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa "vingt-deux long rifle". Risasi yake iko na upana wa karibu milimetre 5,6, na uzito wake wa kawaida ni gramu 2,6 hivi.

Katika risasi hizi, dawa ya kuwasha moto haiwekwi katikati ya kitako cha ganda. Inawekwa ndani ya ukingo wake, pembeni kuzunguka. Kichuma cha bunduki kinaponda ule ukingo, dawa inawaka, baruti inafuata. Ganda lake ni jembamba na kulitengeneza ni bei ndogo. Hii ndiyo siri ya mchezo: risasi ni ya bei rahisi, na bunduki haipigi bega kwa nguvu. Hata mtu mwenye mshahara mdogo anaweza kujifunza.

Lakini tusidanganyike na udogo wake. Risasi hii inaweza kuruka zaidi ya kilometre moja, na inaua. Ndiyo maana mahali pa kuchezea panahitaji ukuta ao kilima cha udongo nyuma ya shabaha, na sheria kali tutakazoziona.

2. Alama mbili za chuma

Katika mchezo wa zamani hakuna darubini juu ya bunduki. Kuna alama mbili za chuma tu. Moja iko nyuma, karibu na jicho; ni mfuo mdogo ao kitundu. Ingine iko mbele, kwenye mdomo wa bunduki. Ni kijiti ao kipete. Mpigaji anapaswa kuzipanga zote mbili juu ya mstari moja na shabaha.

Sasa, jicho la mwanadamu haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo mbali-mbali kwa wakati moja. Ukiangalia shabaha, alama zinakuwa sawa moshi. Ukiangalia alama ya nyuma, shabaha inapotea. Walimu wa mchezo huu wanafundisha kwamba jicho lishike sana alama ya mbele, na shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Mwanzoni mwanafunzi anakataa. Anataka kuona mahali risasi itakapoingia. Anajifunza taratibu kwamba anayekodolea macho kile anachokitamani anakosa.

Kiisha kuna pumzi. Mpigaji anavuta pumzi, anaitoa nusu, anatulia, anakamua gasheti bila kuishtua. Akisikia mkono unatetemeka, anashusha bunduki na kuanza upya. Haraka haraka haina baraka: katika mchezo huu, methali hii inaonekana kwenye karatasi, kwa matundu.

Kwenye karatasi ya mashindano ya kimataifa ya metre 50, duara ya katikati, ile ya pointi 10, iko na upana wa milimetre 10,4. Ni karibu punje moja ya mahindi. Na wanaipiga bila darubini.

3. Mchezo wa watu wadogo

Wazo la kushindana kulenga lilikuwa la zamani kule Ulaya. Katika miji ya Flandre, vyama vya wapiga-upinde vilivyo chini ya Mtakatifu Sebastiano vilishindana tangu karne nyingi kupiga ndege wa mti aliyefungwa juu ya mlingoti mrefu. Aliyemwangusha ndege wa juu kabisa aliitwa mfalme wa mwaka ule. Bunduki ya Flobert iliingia katika dunia iliyokuwa tayari imezoea mchezo wa namna hii.

Kwenye sikukuu za miji ya Ufaransa na Ubelgiji, wafanya-biashara walifungua vibanda vya kulengea. Mtu alilipa pesa kidogo, akapiga vipipa vya udongo, vile vya kuvutia tumbako, vilivyopangwa kwenye mstari. Akivunja, alipewa ua ao mwanasesere wa kumpelekea mchumba wake.

Baadaye wakubwa wa serikali waliona faida yao. Ufaransa ilipigwa na Waprusia katika vita vya 1870-1871, na katika miaka iliyofuata hata watoto wa shule walifundishwa kulenga na bunduki ndogo. Katika Uingereza, mshtuko ulikuja na vita vya Afrika ya Kusini (1899-1902), pale wakulima wa Kiburu, waliozoea bunduki tangu utoto, walipowaangusha askari wengi wa Kiingereza. Mwaka 1901 kulianzishwa chama cha kuunganisha vilabu vya kulenga vya watu wa kazi, na jemadari Lord Roberts alikitetea kwa nguvu. Vilabu vilifunguliwa katika viwanda na katika kumbi za mitaa. Umbali ulikuwa yadi 25, karibu metre 23, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na nafasi zaidi. Zawadi iliyopendwa ilikuwa kijiko cha chai chenye alama ya chama.

Tuone jambo moja ndani ya mashindano yale. Tangu 1909, Waingereza na Wamarekani walishindania kikombe cha Dewar bila kusafiri. Kila upande ulileta wapigaji wake; walipiga kwao, mbele ya mashahidi, na hesabu zikatumwa ng'ambo ya bahari. Mchezo wa namna hii unasimama juu ya neno moja: kuaminiana. Hata leo Marekani iko na mashindano ya bunduki ndogo za kawaida zisizopita kilo 3,4 hivi, na wanaotumia alama za chuma wanahesabiwa mbali na wale wa darubini.

Sheria za mchezo ni fupi. Mdomo wa bunduki hauelekezwi kamwe kwa mtu. Kidole hakigusi gasheti mbele ya wakati. Mtu moja anaongoza. Akisema simameni, wote wanasimama, hata kama ni tajiri ao mkubwa wa kazi. Hakuna anayekwenda kwenye karatasi mpaka bunduki zote zifunguliwe na kuonekana ni tupu. Na kila risasi inahesabiwa.

4. Mji moja, bunduki mbili

Sasa turudi karibu na kwetu, na njia ya kurudi inapita Liège, katika Ubelgiji. Mafundi wa Liège na wa vijiji vya pembeni yake walikuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa bunduki katika dunia ya karne ya 19. Walitengeneza bunduki ndogo za Flobert kwa wingi, kwa ajili ya mchezo wa Ulaya. Na katika mji ule ule walitengeneza bunduki za biashara kwa ajili ya Afrika: ndefu, za bei ndogo, za kujaza baruti kwa mdomo, za jiwe la moto na baadaye za pistoni.

Tofauti hii iliingia pia katika sheria. Tarehe 2 julai 1890, mataifa yaliyokutana Bruxelles yalitia sahihi mapatano juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Mapatano yale yalikataza kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika, tangu mstari wa 20 wa kaskazini mpaka ule wa 22 wa kusini. Bunduki za jiwe la moto na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Kwa bunduki nzuri, kibali kilipewa mtu aliyeonekana kuwa na dhamana ya kutosha. Askari wa serikali hawakuguswa na katazo hilo.

Tuseme ukweli: sababu ilikuwako. Bunduki zilisaidia sana wakamataji wa watumwa, na vijiji vingi viliteketea. Lakini tuone pia matokeo yake. Miaka kumi na moja tu baadaye, mtu wa kazi wa Uingereza alikuwa anaombwa na wakubwa wake aje kujifunza kulenga. Mwanakijiji wa Kongo alikuwa anahesabiwa sawa mtu asiyeweza kuaminiwa na kitu kinacholenga sawasawa.

Na kuna jambo la uchungu zaidi. Nimesema kwamba katika mchezo kila risasi inahesabiwa kwa tundu la karatasi. Katika Kongo ya Leopold II vilevile risasi zilihesabiwa. Roger Casement, konsul wa Uingereza aliyesafiri katika jimbo la Équateur mwaka 1903, aliandika katika ripoti yake, iliyotoka 1904, ushuhuda wa watu kwamba askari waliotumwa kwa kazi ya mpira walipaswa kuonyesha mkono wa mtu kwa risasi iliyotumika. Wakati ni ule ule, hesabu ni ile ile ya risasi moja-moja. Kule ilileta kijiko cha chai, huku ilileta mkono uliokatwa.

5. Upinde wa mulopwe

Je, bankambo wetu walikosa mila ya silaha? Hapana. Kwa Baluba, ufalme wenyewe unaelezwa kuanza na mwindaji, Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga. Kwa kumbukumbu yake, mulopwe alikuwa na kitegemeo cha upinde, chenye panda tatu na sanamu ya mwanamke aliyechongwa. Kitu hicho hakikuonyeshwa ovyo. Kilikaa ndani ya nyumba yake, kikitunzwa na mwanamke mwenye cheo, kwa heshima na sala. Tusome vizuri: alama ya nguvu ya mfalme haikuwa mshale unaoruka. Ilikuwa mahali upinde unapopumzika.

Bunduki nayo iliingia katika mila. Wachongaji wa Chokwe wa karne ya 19 walipomchonga Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemuoa Lueji, malkia wa Lunda, walimpa mara nyingi bunduki mkononi, ingawa hadithi yake ni ya zamani kuliko bunduki katika inchi ile. Walitaka kusema kwamba silaha mpya pia inapaswa kuwa na adabu ya mwindaji wa zamani.

Lakini njia ingine ilishinda. Msiri wa Bunkeya alijenga nguvu yake kwa kuuza pembe za tembo, shaba na watu, akanunua bunduki na baruti kutoka pande zote mbili, bahari ya mashariki na ya magharibi. Tarehe 20 desemba 1891 alikufa kwa risasi ya afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold. Kiisha ukaja ukoloni: bunduki ya kisasa kwa askari, ile ya pistoni kwa mwindaji mwenye kibali. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 3 septemba 1985 iliendelea na njia ya kibali. Tangu vita vya 1996, mashariki ya inchi yetu imejaa bunduki za vita zilizofika bila kibali, bila mwalimu, na bila mtu wa kusema simameni. Kijana alipewa chombo, hakupewa adabu yake.

Kwa kumaliza

Siandiki haya ili vijana wetu wapewe bunduki ndogo. Katika inchi yenye silaha nyingi namna hii, hilo halitakuwa busara. Ninataka tuone kwamba kilichomzuia mtu wa kule asiumize mwenzake haikuwa udogo wa risasi. Ni kwamba kabla ya kupiga alifundishwa kungoja, kutii sauti moja, na kutoa hesabu mbele ya wenzake. Mambo hayo matatu bankambo walikuwa nayo katika upinde.

Katika vijiji vyetu wako bado wazee wanaojua kuchagua mti wa upinde, kusuka kamba yake, na kumwonyesha mtoto namna ya kusimama. Idadi yao inapungua kila mwaka. Kwenye sikukuu za chama chetu tunacheza ngoma na tunasimulia hadithi; tungeweza pia kusimamisha shabaha ya majani, kualika wazee wawili ao watatu, na kuacha vijana washindane na upinde, kwa sheria zote. Zawadi inaweza kuwa kijiko, kinatosha. Mtoto aliyezoea kushusha upinde wakati mzee anasema simama, labda siku moja, mbele ya kitu kikubwa zaidi, mkono wake utakumbuka.