Ng'ombe, Udongo na Amri ya Serikali

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hupita Malili, penye nyanda pana za malisho. Hapo ndipo serikali ya Kenya iliponunua ranchi ya ekari 5,000 mwaka 2009 ili ijengwe mji mpya wa Konza. Walakini habari ya ardhi na serikali katika Ukambani ni ya zamani kuliko mji huo.

Katika miaka ya 1930 Ukambani ulipatwa na ukame na nzige. Udongo wa vilimani ulichukuliwa na maji ya mvua, yakabaki makorongo. Serikali ya kikoloni ilisema kwamba chanzo ni wingi wa ng'ombe. Wakamba nao walijua kwamba sehemu ya nyanda zao ilikwisha kutwaliwa na walowezi, wao wakasongamana mahali padogo.

Mwaka 1938 serikali iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, wakanadiwa kwa bei ndogo. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana na nguvu ya kuvuta jembe la plau. Basi akatokea Muindi Mbingu, kiongozi wa chama cha Wakamba. Mwezi wa Julai mwaka huo, watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Hawakushika silaha. Baadaye Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliiacha amri yake.

Je, ushindi huo uliponya udongo? La. Makorongo yalikuwapo vile vile, na hapo serikali haikukosea. Kosa lake lilikuwa kutaka kuiponya nchi bila ya wenye nchi. Hata matuta ya kwanza yaliyochimbwa kwa kulazimishwa hayakupendwa.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, kazi ilipopita katika mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana. Vikundi, vingi vikiwa vya wanawake, vilijichagulia viongozi. Baadaye ulienea mtindo uitwao fanya juu: mtu huchimba mfereji kukingama mteremko, akatupa udongo upande wa juu, akapanda majani kwenye ukingo. Mvua baada ya mvua, shamba hujisawazisha lenyewe, na maji hunywewa na ardhi badala ya kukimbia.

Mwaka 1994 wataalamu walitoa kitabu kilicholinganisha picha za vilima hivyo za mwaka 1937 na za mwaka 1991. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mahali palipokuwa uchi palikuwa na matuta na miti.

Basi, wanafunzi, mkumbuke mambo mawili. Muindi alifundisha kwamba sheria isiyomsikiliza raia haidumu. Wanawake wa mwethya walifundisha kwamba kukataa amri mbaya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa kwa jembe.