Meno yanashtuka kwa maji ya baridi: asidi na kazi ya fluori

Unakunywa maji ya baridi asubuhi, jino linashtuka mpaka kichwani, lakini ukiangalia kwenye kioo hauoni tundu. Wengi wanasema ni mdudu. Mara nyingi ni asidi ndiyo imekula ganda la jino.

Ganda hilo linaitwa enameli. Ni gumu kupita hata mfupa, lakini mfupa ukivunjika unaunga. Enameli ikiisha, imeisha. Marakuja, malimau, nanasi, kasiksi iliyochacha na sukre za chupa, vyote vina asidi ya kuilainisha. Glasi moja wakati wa chakula si shida kubwa. Shida ni ile chupa moja unayoonja kidogo kidogo tangu saa nne mpaka jioni, maana mate hayapati nafasi ya kuosha asidi na kurudisha madini kwenye jino.

Kosa lingine ni kukimbilia mswaki mara moja. Enameli ingali laini, unaiparura. Kwa makaa, majivu ao mchanga ni mbaya zaidi. Suuza kwa maji tu, ngojea nusu saa ao saa nzima. Mama mwenye mimba anayetapika asubuhi afanye vile vile.

Fluori inasaidiaje? Inaingia pale madini yametoka, na sehemu hiyo inavumilia asidi kuliko mbele. Ile iliyokwisha kulika hairudi. Tangu 2021 OMS imeweka dawa ya meno yenye fluori kwenye orodha ya dawa za lazima. Kabla ya kulipa, soma tube: tafuta neno « fluor » ao « fluorure » na ppm kati ya 1000 na 1500. Ukimaliza kusugua, tema povu, usisuuze. Munganga wa meno anaweza pia kupaka vanishi ya fluori, kwa kawaida mara 2 kwa mwaka.

Kwa watoto, angalisho. Chini ya miaka 3, dawa kama punje ya mchele. Miaka 3 mpaka 6, kama njegere, na asimeze. Fluori nyingi wakati meno yangali yanajengwa inaacha madoa meupe ao ya kahawia. Upande wa Goma, kwenye udongo wa volkano, kuna maji yenye fluori kupita kipimo cha OMS cha miligramu 1.5 kwa litre. Jamaa iliyohamia huku kutoka kule imwambie munganga kabla ya kumpa mtoto vidonge vya fluori.